Risasi ya Zamani au Mpya? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Risasi ya Bunduki ya Kuwindia

Wawindaji wengi huchagua risasi kwa kusoma kasi iliyoandikwa kwenye boksi, wakanunua bunduki, kisha wakaanza kujiuliza kwa nini wanakosa au wanajeruhi. Kasi ile ilipimwa mdomoni mwa mtutu wa maabara. Mnyama hasimami mdomoni mwa mtutu.

Mwongozo huu unaufuata uamuzi kuanzia upande wa pili: umbali unaoweza kupiga bila kubahatisha, kisha mnyama, mtutu, bega lako, na mwisho rafu ya duka. Mwaka wa kuzaliwa kwa risasi ni jambo la mwisho kabisa. Mfano mkuu utakuwa .308 Winchester ya 1952 na 6.5 Creedmoor ya 2007, kwa sababu zinaingia kwenye bunduki za ukubwa uleule na ndizo zinazowasumbua watu zaidi. Njia yenyewe inafaa kwa jozi yoyote: .270 Winchester (1925) na 6.8 Western (2021), au 7mm Remington Magnum (1962) na 7mm PRC (2022).

Humu ndani "risasi" ni kitu kizima kinachoingia chembani, yaani kwenye tundu la nyuma ya mtutu. Kinachoruka kwenda kwa mnyama ni "kichwa".

## Vitu utakavyohitaji

- Bunduki uliyonayo sasa, au ya kuazima kihalali, na risasi zisizopungua 40 za aina moja
- Sahani za karatasi zenye upana wa sentimita 20, zisizopungua kumi
- Fimbo za kuegemea au mkoba, kama unavyotumia porini
- Kifaa cha kupimia umbali, au uwanja wenye alama za mita
- Kronografu (kifaa cha kupimia kasi ya kichwa), hata ya kuazima
- Ufito wa kusafishia mtutu wenye mpini unaozunguka wenyewe, kitambaa, utepe wa gundi na rula ya milimita
- Risasi bandia (zisizolipuka) mbili au tatu za kaliba yako, yaani za aina inayoingia kwenye bunduki yako
- Mizani ya kupimia bunduki nzima ikiwa na darubini
- Sheria ya uwindaji ya mahali unapowinda, iliyochapishwa, si ya kusimuliwa

## Hatua ya 1: Tafuta umbali wako halisi

Usiruke hatua hii. Ndiyo inayoamua nyingine zote, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Bandika sahani kwenye mita 100. Piga risasi tano ukiwa katika mkao wa porini: umeketi, umepiga goti au umesimama na fimbo. Meza ya uwanjani hairuhusiwi. Kati ya risasi moja na nyingine simama, tembea hatua chache, rudi ukae upya. Risasi ya kwanza ipigwe mtutu ukiwa baridi, kwa kuwa porini hiyo ndiyo risasi yako.

Zikiingia zote tano, sogea hadi mita 150, kisha 200, ukiendelea kwa mita 50. Kila umbali sahani mpya.

Kwa nini sentimita 20: eneo la moyo na mapafu la wanyama wengi wa ukubwa wa kati lina upana wa kiasi hicho au zaidi kidogo. Risasi nne ndani na moja nje maana yake ni mnyama mmoja kati ya watano anaondoka na jeraha.

Umefaulu ukiona: risasi tano kati ya tano ndani ya sahani, siku mbili tofauti. Umbali wa mwisho uliofanya hivyo ndio umbali wako. Uandike.

Wengi huishia kati ya mita 150 na 250. Hilo si jambo la aibu. Lina uzito mkubwa kwa uamuzi huu, kwa sababu faida nyingi za risasi mpya huanza kuonekana baada ya mita 300.

## Hatua ya 2: Mnyama na sheria

Andika mnyama mkubwa kuliko wote unaowinda kwa kawaida, si yule unayemwota. Kisha fungua sheria.

Sheria hutofautiana kwa namna zinavyopima. Ujerumani, kwa mfano, inataka kipenyo kisichopungua milimita 6.5 na nishati ya juli 2,000 kwenye mita 100 kwa wanyama wakubwa kuliko paa mdogo. Uswidi inapima uzito wa kichwa pamoja na nishati: kwa daraja la juu, kichwa cha gramu 9 hadi 10 kiwe na juli 2,700 kwenye mita 100, na cha gramu 10 au zaidi kiwe na juli 2,000. Kwa hiyo 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha gramu 9.27 inaingia, lakini bunduki ileile ikilishwa kichwa cha gramu 8.4 inatoka nje ya daraja hilo, hata kikienda kasi zaidi. Kinachopimwa ni boksi, si jina la risasi pekee.

Kwa nyati, tembo na simba mjadala ni mfupi. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji huo zimeweka inchi .375 kuwa kipenyo cha chini, na .375 H&H Magnum ya 1912 bado inafanya kazi hiyo vizuri. Hapa usitafute upya kwa ajili ya upya.

## Hatua ya 3: Pima mzunguko wa mifereji ya mtutu

Hapa ndipo tofauti kubwa ya zamani na mpya ilipojificha, na wauzaji wengi hawaitaji.

Mifereji ndani ya mtutu hukizungusha kichwa ili kisipinduke hewani. Kichwa kirefu kinahitaji mzunguko wa haraka zaidi. Bunduki nyingi za .270 zina mzunguko mmoja kila inchi 10, ambao unatosha vichwa vya kawaida vya greni 130 hadi 150 (greni moja ni kama gramu 0.065). 6.8 Western inatumia kipenyo kilekile, lakini mtutu wake huzungusha mara moja kila inchi 7.5 au 8, ndiyo maana inabeba vichwa virefu vya greni 165 hadi 175. Ganda (kifuko cha metali kinachoshika baruti na kichwa) peke yake halikuleta tofauti hiyo. Mtutu ndio ulioileta. Hata jambo hili lenyewe si geni: 6.5×55 ya Uswidi ilikuwa na mzunguko wa haraka na vichwa virefu tangu miaka ya 1890.

Usiamini kitabu cha bunduki iliyotumika. Huenda mtutu ulishabadilishwa. Pima hivi:

1. Toa magazini. Toa boliti (chuma kinachofunga chemba) kabisa. Chungulia chembani, kisha ingiza kidole kuhakikisha ni tupu.
2. Funga kitambaa kwenye ncha ya ufito kibane vizuri, uingize kutokea nyuma hadi kishike mifereji.
3. Zungushia utepe kwenye ufito karibu na mpini, nyuma ya bunduki, ili usiingie ndani unaposukuma. Acha ncha ya utepe isimame juu kama bendera.
4. Sukuma polepole. Bendera itaanza kulala upande mmoja, itapita chini, kisha itapanda tena. Ikisimama wima kama mwanzo, acha.
5. Pima umbali ambao utepe umesogea. Rudia mara tatu.

Milimita 203 ni inchi 8, 229 ni 9, 254 ni 10, 305 ni 12. Vipimo vitatu vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 6, kitambaa kinateleza au mpini hauzunguki vizuri. Kaza kitambaa, tia tone la mafuta kwenye mpini, anza tena.

Onyo: kichwa kirefu kwenye mtutu wa mzunguko wa polepole hufika kikiyumba. Kwenye karatasi ya mita 50 au 100 utaona tundu la yai badala ya duara. Ukiliona hata mara moja, boksi hilo halifai kwa bunduki hiyo. Usijaribu kulirekebisha kwa darubini.

Ukiwa hapo, pima pia urefu wa ndani wa magazini. .308 na 6.5 Creedmoor zina urefu wa jumla unaokaribiana, kama milimita 71 hadi 72, lakini ganda la Creedmoor ni fupi kwa zaidi ya milimita 2. Nafasi hiyo ndiyo inayoruhusu kichwa kirefu kikae mbele bila kuzama ndani ya baruti. .300 PRC ya 2018 inafika milimita 94, na bunduki nyingi zilizotengenezwa kwa .300 Winchester Magnum haziwezi kuimeza magazinini.

## Hatua ya 4: Linganisha kinachofika, si kinachotoka

Chukua boksi mbili halisi unazoweza kununua. Andika kutoka kila moja: uzito wa kichwa, kasi, na nambari ya BC inayoonyesha jinsi kichwa kinavyokata hewa. Kubwa ni bora. Ingiza kwenye programu yoyote ya kukokotoa mruko wa risasi, uombe umbali wako wa Hatua ya 1, kisha mita 100 zaidi.

Hivi ndivyo mfano wetu unavyotoka, kwa .308 ya greni 165 yenye BC ya 0.447 na Creedmoor ya greni 143 yenye BC ya 0.625. Zote zinaanza na mita 823 kwa sekunde. Upepo wa ubavuni ni kilomita 16 kwa saa. Nambari ni za kukadiria.

| Umbali | Nishati .308 | Nishati 6.5 | Upepo .308 | Upepo 6.5 |
|---|---|---|---|---|
| Mdomoni | juli 3,620 | juli 3,140 | – | – |
| Mita 200 | juli 2,570 | juli 2,470 | sm 10 | sm 7 |
| Mita 300 | juli 2,140 | juli 2,175 | sm 22 | sm 16 |
| Mita 500 | juli 1,460 | juli 1,670 | sm 68 | sm 47 |

Soma safu ya mita 200 kwa utulivu. .308 bado ina nishati zaidi, na upepo unazitenganisha kwa sentimita 3, yaani chini ya kosa la kawaida la mkono wako mwenyewe. Kwenye mita 300 nishati zimelingana. Baada ya hapo risasi mpya inaondoka, hasa kwa upepo. Kushuka hakuamui mengi: darubini ikiwa imerekebishwa kwa mita 200, kwenye mita 300 ya kwanza hushuka kama sentimita 27 na ya pili 24. Kushuka unaweza kukuhesabu ukijua umbali. Upepo unaukisia.

Kisha angalia kasi ya kufika. Kichwa cha kuwindia lazima kipanuke ndani ya mnyama, na kila mtengenezaji hutaja kasi ya chini ya kufanya hivyo. Vingi vya kawaida na vya shaba tupu huhitaji karibu mita 550 hadi 600 kwa sekunde. Baadhi ya vichwa virefu vya kisasa hupanuka chini ya hapo. .308 yetu kwenye mita 500 imebaki na kama mita 520 kwa sekunde. Itapita kama msumari, na mnyama atakimbia mbali. Umbali ambao kasi inashuka chini ya kiwango hicho ni ukuta, hata kama shabaha yako ni nzuri.

Onyo: kasi ya boksi mara nyingi imepimwa kwa mtutu wa inchi 24. Kila inchi inayopungua huondoa takriban mita 6 hadi 9 kwa sekunde kwa risasi za aina hii. Mtutu wa inchi 20 unaweza kukupotezea mita 30 kabla hujaanza. Ndiyo maana kronografu iko kwenye orodha: piga risasi tano, chukua wastani, rudia hesabu kwa kasi yako.

## Hatua ya 5: Hesabu teke la bunduki

Teke kubwa huleta kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa hofu. Hakuna BC inayolifidia hilo.

Hesabu: zidisha uzito wa kichwa (kilo) kwa kasi yake. Ongeza uzito wa baruti (kilo) mara 1,430, ambayo ni kasi ya kukadiria ya gesi. Gawanya jumla kwa uzito wa bunduki: hiyo ni kasi ya kurudi nyuma. Izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa uzito wa bunduki, gawanya kwa mbili. Umepata juli za teke.

Kwa bunduki ya kilo 3.5 ikiwa na darubini: 6.5 Creedmoor inatoa kama juli 19. .308 inatoa 24, na .270 yenye greni 130 inakaribia 25. 7mm PRC yenye greni 175 inafika 39, mara mbili ya Creedmoor. Ukinunua 7mm PRC nyepesi ili usichoke kubeba, umejiuzia teke ambalo huenda usilistahimili.

Jaribio la ukweli: mwombe mwenzako apange magazini yako, achanganye risasi bandia bila kukuonyesha. Lenga na ufyatue kama kawaida. Bandia ikifika, mwenzako atazame mdomo wa mtutu. Ukizama au ukiyumba, unaogopa teke, na umbali wako wa Hatua ya 1 umepunguzwa na hofu hiyo. Shuka kwenye risasi ndogo kabla ya kupanda kwenye mpya.

Umefaulu ukiona: bandia tatu mfululizo na mdomo wa mtutu haujatikisika.

## Hatua ya 6: Kagua upatikanaji

Dai mambo matatu kabla ya kununua bunduki ya risasi yoyote, ya zamani au mpya:

- Watengenezaji wasiopungua watatu wanaoitengeneza
- Angalau aina mbili za vichwa vya kuwindia, kimoja kikiwa cha shaba tupu kama unapowinda vichwa vya madini ya risasi vimekatazwa
- Uwezo wa kununua boksi tano zenye nambari moja ya fungu la uzalishaji

Risasi za zamani kama .308, .30-06 na .270 hushinda hapa karibu kila mahali. Creedmoor imeshafika. Nyingi za mpya kabisa bado, na bunduki isiyo na risasi msimu wa kuwinda ni chuma tu. Kama unajaza maganda mwenyewe, uhaba unapungua makali, lakini maganda yenyewe bado lazima yapatikane.

## Hatua ya 7: Amua

Weka karatasi zako mbele yako, kisha fuata mstari unaokuhusu.

Una bunduki ya zamani inayopiga vizuri, na umbali wako ni chini ya mita 250. Baki nayo. Fedha ya bunduki mpya weka kwenye risasi za mazoezi na kichwa bora. Hakuna mnyama katika umbali huo atakayejua tofauti.

Unanunua bunduki ya kwanza. Anza na 6.5 Creedmoor ikiwa Hatua ya 6 imepita na mnyama wako ni wa ukubwa wa kati. Sababu ni teke dogo na mtutu wenye mzunguko sahihi kutoka kiwandani, si masafa marefu. Ikiwa unawinda wanyama wazito zaidi, .308 au .30-06 yenye kichwa cha greni 165 hadi 180 ni chaguo la busara.

Umethibitisha zaidi ya mita 350 kwa mikao ya porini. Sasa mpya ina hoja ya kweli. Upepo na kasi ya kufika vitakulipa. Kwa wanyama wakubwa linganisha 7mm PRC na 7mm Remington Magnum, lakini kwanza pima mzunguko: Magnum nyingi za zamani zina inchi 9 au 9.5, PRC ina 8.

Mtutu wako wa zamani umechakaa na mtambo wa bunduki bado mzima. Fundi wa silaha anaweza kufunga mtutu mpya wa kaliba ileile wenye mzunguko wa haraka. Njia hii husahaulika, na mara nyingi ndiyo bora kuliko zote: unabaki na risasi zinazopatikana, unapata uwezo wa vichwa virefu. Mwambie fundi kichwa utakachotumia ili akate koo la chemba (sehemu ya mbele ya chemba, kabla ya mifereji) kulingana nacho, na uhakikishe kinaenea magazinini.

## Hatua ya 8: Thibitisha kabla ya kuwinda

Nunua boksi moja moja za aina tatu. Piga makundi matatu ya risasi tano kwa kila aina, kwenye mita 100, ukiacha mtutu upoe. Chagua aina ambayo kundi lake lililotawanyika kuliko yote ni dogo kuliko la aina nyingine, kisha nunua boksi tano za fungu moja. Kundi zuri moja hutokea kwa bahati. Kundi baya ndilo utakalokutana nalo porini.

Rekebisha darubini, kisha rudia Hatua ya 1 yote kwa bunduki mpya. Ikiwa umbali wako haukuongezeka hata kidogo, faida uliyonunua ipo kwenye karatasi na bado haijafika mikononi mwako. Winda kwa umbali uleule wa zamani hadi sahani iseme vingine.

Onyo la mwisho, nalo ni la uhai. Ukiwa na bunduki mbili, usibebe risasi za aina mbili kwenye mkoba mmoja. "6.5" peke yake si jina la risasi: 6.5 Creedmoor, 6.5 PRC na 6.5×55 ni vitu vitatu tofauti. Kuna risasi zinazoweza kuingia kwenye chemba isiyo yake na kuipasua bunduki usoni mwako; .300 Blackout ndani ya bunduki ya .223 ndiyo inayojulikana zaidi. Kila unapojaza magazini, soma maandishi ya kitako cha ganda, kisha soma maandishi ya mtutu. Yakitofautiana hata kwa herufi moja, toa risasi hiyo, na ukague moja moja zote zilizobaki kabla ya kufunga boliti.